Kusikilizana Si Kushindwa
Hotuba kwa washiriki wa kanisa na wapenda mageuzi, Gitothua



Nimeombwa niseme juu ya mazungumzo ya heshima baina ya watu wenye imani tofauti. Hapa Gitothua jambo hili si la vitabuni. Katika ploti moja hupanga Mkatoliki, Mwislamu, Mkorino na asiyekwenda kanisani kabisa. Lango ni moja na bomba la maji ni moja.

Tukumbuke tulikotoka. Mwezi wa Desemba 1999, Serikali ilipotaka marekebisho ya katiba yaongozwe na Bunge, viongozi wa Kikristo, Kiislamu na Kihindu walikutana katika jumba la Ufungamano, Nairobi, wakaanzisha njia ya wananchi. Profesa Yash Pal Ghai, aliyeteuliwa mwaka 2000 kuongoza tume iliyoundwa kwa sheria ya Bunge, alikataa kula kiapo mpaka pande hizo mbili zizungumze. Mwaka 2001 ziliungana. Hakuna aliyetakiwa kuacha dini yake.

Hata hivyo, karibu na mwisho wa safari tuligawanyika. Katika kura ya maamuzi ya tarehe 4 Agosti 2010, viongozi wengi wa makanisa waliipinga katiba kwa sababu ya mahakama za Kadhi na kifungu kuhusu uavyaji mimba. Wanaharakati wengi waliiunga mkono. Watu waliopigania mageuzi bega kwa bega wakaanza kutiliana shaka.

Nami sina budi kukiri kosa langu. Wakati huo nikiwa wakili kijana, mzee mmoja wa kanisa aliniuliza: ikiwa Ibara ya 8 yasema hakuna dini ya Taifa, mbona Ibara ya 170 yaweka mahakama za dini moja? Nilicheka, nikamwambia mahakama hizo zimekuwamo katika katiba tangu uhuru, na kwamba angalisoma asingaliuliza. Watu walicheka pamoja nami. Mzee alinyamaza, lakini kunyamaza si kukubali. Swali lake lilikuwa la haki, nami sikulijibu.

Baadaye nilikwenda kwake, nikamwomba radhi, nikamwuliza anachohofia. Alihofu kwamba siku moja mjukuu wake angepelekwa mbele ya Kadhi bila hiari. Tukaisoma Ibara hiyo pamoja: mahakama hizo huamua mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi tu, tena pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali. Hofu ile ikapungua. Swali la usawa wa dini alibaki nalo, nami nikakubali kwamba lina uzito. Yeye alipiga kura ya La, mimi ya Ndiyo. Katiba ilipita kwa asilimia 67 hivi ya kura, nasi tukaendelea kuketi benchi moja.

Mahakamani, wakili hujibu dai lililoandikwa, si dai alilojitungia ili alishinde kwa wepesi. Tufanye vivyo hivyo. Kabla ya kumjibu mwenzako, irudie hoja yake mpaka mwenyewe aseme, "Hivyo ndivyo nilivyosema." Muulize anachohofia. Penye ukweli, mkubalie hadharani. Na usimjibu kwa kumtajia kabila lake wala dini yake.

Sisemi mlegeze msimamo. Mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya Wakenya 1,000 waliuawa, na tuliona jirani akimgeuka jirani. Uchaguzi mwingine utakuja na kupita. Kesho yake tutakutana tena bombani, na ni heri tukutane tukiwa bado tunasalimiana.