Na sisi tulituma mbele: maneno yetu kwa vijana wa Zongwe

 

Tunaanza na kosa letu wenyewe. Mwaka jana tangazo la kazi liliingia mu grupu yetu ya WhatsApp. Lilikuwa na logo, stampu, na sinyatire ya mukubwa fulani. Shirika lilitafuta vijana 40 wa kufanya anketi, Kalemie na Moba, mushahara kwa dolari. Kule chini waliandika: tuma dolari 15 za dosie ku namba hii, nafasi zinaisha leo.

Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza. Tuko na diplome, hatuna kazi, na tulitamani sana liwe kweli. Tulilituma mbele ku magrupu yote tuliyo nayo. Kesho yake ile namba haikupita tena.

Dada mmoja anayeuza ndagala na mama yake alikuwa amelipa. Alipotukuta njiani alituuliza tu: "Bayaya, si ni ninyi mulinitumia?"

Tulikosa jibu. Mwizi yule hakumujua dada huyu hata kidogo. Yeye alilipa kwa sababu tangazo lilitoka kwetu, watu anaowaamini. Muongo hana jina, ndiyo maana anaazima letu. Kila mara tunapotuma mbele kitu bila kukiangalia, tunamupa jina letu bure.

Sasa tufanye nini? Ni mambo madogo, hata yule mwenye mega kidogo anaweza.

Kwanza, kazi haiuzwi. Umoja wa Mataifa umeandika wazi kwamba hauombi pesa mu hatua yoyote ya kuajiri: si kwa dosie, si kwa interviu, si kwa mafunzo. Tangazo likiomba pesa, hata kama ni kidogo, simama hapo hapo. Kama shirika lina biro Kalemie, mutu aende kuuliza mulangoni, au amupigie rafiki aliye karibu na pale.

Pili, angalia mishale. WhatsApp ikiweka mishale miwili juu ya ujumbe, maana yake umeshapita mu mikono ya watu wengi. Aliyekutumia pengine hajui ulitoka wapi, na aliyemutumia yeye vilevile. Tangu mwaka 2020, ujumbe wa namna hiyo unaweza kuupeleka mahali pamoja tu kwa mara moja. Hawakuweka breki hiyo bure. Muulize rafiki yako: "Wewe ulipata hii kwa nani?" Akikosa jibu, iache ilale.

Tatu, kodi ya siri ni ya siri. Kodi ya M-Pesa, ya Airtel Money, ya Orange Money, na zile namba sita WhatsApp inazokutumia, usimupe mutu, hata akijiita ajenti, hata akilia. Na ingia mu WhatsApp yako uweke ile kodi ya pili ya kulinda konti. Mwizi akichukua konti yako, wa kwanza kuombwa pesa ni mama yako, tena kwa jina lako.

Nne, odio na foto za damu. Sisi wa Tanganyika hatuhitaji kufundishwa hii. Mu miaka ya 2016 na 2017, vita kati ya Watwa na Waluba viliwafukuza watu kwa maelfu, na wengi walikimbilia Kalemie. Leo odio moja ya mutu asiyejulikana, "wale wanakuja usiku huu", inaweza kutoa panga nyumbani mbele ya jua kutoka. Ukipata odio kama hiyo, piga simu kwa mutu aliye pale pale, na umujulishe chefu wa kijiji. Usiitie mu grupu.

Kuna na sheria. Sheria ya numeriki ya inchi yetu, namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inasema mu artikle 360: yule anayeanzisha, na vilevile yule anayepeleka mbele, habari ya uongo juu ya mutu, anaweza kufungwa mwezi 1 mpaka 6, kulipa faranga 500.000 mpaka 1.000.000, ao vyote viwili. "Mimi nilituma tu" haikulindi.

Tunajua sheria hiyo inatumiwa pia kufunga vinywa. Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa tarehe 8 mwezi wa tisa 2023, juu ya makala ambayo haikuwa na jina lake, na alitoka mu gereza mwezi wa tatu 2024. Kwa hiyo hatuji hapa kuwaambia munyamaze. Barabara ikiharibika, semeni. Pesa ya watu wote ikipotea, semeni. Lakini semeni na tarehe, na mahali, na foto muliyopiga wenyewe. Uongo mmoja tu ukiingia mu maneno yetu, wakubwa watauonyesha huo na kufunika ukweli kumi.

Kwa upande wetu, tumeamua hivi. Hakuna tangazo la kazi litakaloingia tena mu grupu yetu mbele mutu mmoja hajaliuliza. Tukikosea, tutasema tumekosea mu grupu ile ile, hatutafuta kimya kimya. Na zile dolari 15 za dada yetu, tulichanga na kumurudishia. Alizipokea. Lakini mpaka leo, tukimutumia kitu, anauliza kwanza: "Muliangalia?"

Na ninyi mutuulize hivyo hivyo.