Hewa Inapovunjika Mbele ya Chombo cha Angani

Chombo kinachorudi duniani kutoka mwezini huingia katika angahewa kwa mwendo wa takriban kilomita 11 kwa sekunde, na ingawa wengi hudhani kwamba moto unaokizunguka hutokana na msuguano, sehemu kubwa ya joto hilo huzaliwa mbele yake, pale hewa isiyowahi kupisha inaposhindiliwa ghafla na kufanya wimbi la mshtuko, yaani tabaka jembamba ambamo shinikizo na joto hupanda kwa kufumba na kufumbua.

Nyuma ya wimbi hilo hewa haibaki hewa. Joto likipita nyuzi 2,000 hivi, molekuli za oksijeni, ambazo kila moja ni atomu mbili zilizoshikana, huanza kuvunjika, ilhali zile za naitrojeni, zenye kifungo kigumu zaidi, hustahimili hadi nyuzi 4,000 hivi. Joto likizidi 9,000, elektroni huanza kung'oka katika atomu na gesi huwa plazima, ambayo huzuia mawimbi ya redio. Kuvunja vifungo hula nishati, kwa hiyo gesi huwa na joto dogo kuliko hesabu nyepesi inavyotabiri. Hata hivyo nishati hiyo haikupotea, kwani atomu zikifika kwenye ngao ya chombo na kuungana tena, huutua mzigo huo papo hapo. Ndiyo maana uteuzi wa malighafi ya kuundia ngao, inayoweza kuharakisha au kutoharakisha muungano huo, ni suala la uhai.

Mjini Toronto, taasisi ya taaluma za anga ya chuo kikuu, iliyoanzishwa na Gordon Patterson mwaka 1949, ilijenga sifa yake kwa kuyachunguza mawimbi ya mshtuko ndani ya mabomba marefu yaliyogawanywa kwa utando, ambao ukipasuka huachia gesi iliyoshindiliwa. Irvine Glass, bingwa wa mabomba hayo, alikuwa miongoni mwa wahandisi sita wa Toronto walioombwa, Aprili 1970, kukokotoa shinikizo litakalokisukuma chombo cha kutua mwezini kitengane na chombo kikuu cha Apollo 13, safari ya mwezini iliyopata hitilafu, bila kuharibu mlango wa chombo hicho kikuu, kwani kama ungalivuja, wanaanga watatu waliokuwamo wasingalipona.

Tarehe 17 Aprili, chombo hicho kilipoingia katika angahewa, plazima ilikata mawasiliano kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, kisha sauti ya Jack Swigert, mmoja wa wanaanga hao, ikasikika.