Mdogo Si Hoja, Meno Anayo

Mumbuni, ukingoni mwa mji wa Machakos, mbwa wa kulinda boma amepata jirani: kijibwa cha ndani, cheupe, kinacholala kochini. Kikimngurumia mgeni, wenyewe hucheka na kutoa simu wakirekodi. Mbwa wa boma akithubutu hivyo, hupigwa mawe. Hapo ndipo tunapokosea.

Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani walichapisha majibu ya maelfu ya wafugaji wa mbwa. Dachshund na Chihuahua, vijibwa kweli, walikuwa miongoni mwa walioongoza kwa ukali dhidi ya watu.

Damu ina sehemu yake. Malezi nayo, kwa maoni yangu, hubeba lawama kubwa. Mtoto humnyanyua mbwa ghafla. Mbwa hugeuza uso, hujilamba pua, hukakamaa, weupe wa macho ukatokeza. Anaogopa, na hakuna anayemjali. Akiuma, huachiliwa mara moja. Kuanzia siku hiyo anajua dawa ni meno.

Na mpole anayegeuka mkali ghafla huenda ana maumivu ya jino au sikio; mwoneni daktari wa mifugo kabla ya kumchapa.

Kichaa cha mbwa nacho hakichagui umbo. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mpeni mbwa chanjo kila mwaka, hata yule anayelala kitandani.