Kibali cha Kaunti, Leseni ya NEMA: Kabla Hujajenga Kibera au Kawangware

(Maelezo yaliyotolewa katika kikao cha wenye ploti, mafundi na wapangaji)



Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: nikishapata kibali cha kaunti, NEMA wanataka nini tena? Hizo ni sheria mbili. Kaunti hutoa kibali cha ujenzi chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019. NEMA hutoa leseni chini ya sheria ya mazingira ya 1999, baada ya mtaalamu aliyesajiliwa kuandika ripoti ya athari za mradi. Karatasi moja haizai nyingine. Ukianza bila kibali cha kaunti, faini ni hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili. Tena unaweza kuamriwa urudishe ardhi ilivyokuwa. Hilo la mwisho ndilo linalouma. Umelipia kujenga, sasa unalipia kubomoa.

Kawangware wengi mna ploti zenu, mnang'oa vyumba vya mabati na kuinua ghorofa. Sheria inakutaka pia uujulishe umma kuhusu mradi wako. Usilibandike tangazo nyuma ya lango. Jirani atakayepokea majitaka ya vyumba vyako arobaini ana haki ya kusema kabla saruji haijamwagwa.

Kibera ni hadithi nyingine, na sitaipaka sukari. Sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali. Barua ya chifu au neno la mzee wa kijiji si kibali cha ujenzi. Anayekuuzia nyumba huko mara nyingi anakuuzia mbao na mabati, si ardhi. Mnakumbuka Julai 2018, nyumba zilipobomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata.

Halafu kuna mto. Kanuni zinahifadhi ukingo wa kati ya mita 6 na 30 kila upande, kwa kufuata kiwango cha juu kabisa ambacho mafuriko yamewahi kufika, si pale maji yalipo leo wakati wa kiangazi. Agosti 2018 jengo la South End, hapo Lang'ata Road, lilibomolewa kwa sababu ya ukingo wa mto, nalo halikuwa la mabati. Baada ya mafuriko ya 2024 sidhani kuna anayehitaji kuelezwa kwa nini.

Sasa muda, maana hapa ndipo watu hupoteza haki zao. Kaunti ikinyamaza siku 60 baada ya kupokea ombi lililokamilika, sheria huchukulia kwamba imekubali. Msilikimbilie hilo: tunza risiti yenye tarehe, na ukumbuke kwamba kimya cha kaunti hakikupi leseni ya NEMA wala ukingo wa mto. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya rufaa za mipango, na baadaye Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Uamuzi wa NEMA hupelekwa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60. Hata mwananchi wa kawaida anaweza kwenda huko: Juni 2019 wakazi wa Lamu walifanya leseni ya mtambo wa makaa ya mawe ifutwe, kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo.

Tufungue maswali. Mwenye barua ya kukataliwa mkononi aanze, siku 14 hazimngoji.