Ua Dume na Ua Jike: Funzo la Shamba la Kewanja

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya elimu ya mimea. Nitaanza na kosa langu.

Nilipokuwa mtoto Kewanja, mama alipanda maboga kati ya mahindi. Nikaona maua mengi yasiyo na kijiboga nyuma yake. Nikayaita ya bure, nikawa nayachuma kila asubuhi ili mmea usipoteze nguvu. Maboga machanga yakageuka manjano, yakaanguka. Nyumbani wakasema jirani ana jicho baya. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Nyumba mbili zikanyimana salamu msimu mzima.

Nilikuja kuelewa kidato cha tatu, mwalimu wa bayolojia alipopasua ua mezani. Yale niliyochuma yalikuwa dume. Bila chavua yake, iletwayo na nyuki, ua jike halizai.

Leo sayansi imefika mbali zaidi, hasa kwa tikiti, ndugu wa boga na tango. Kila tumba huanza na viungo vya kiume na vya kike pamoja. Chembe za urithi huamua kipi kikue na kipi kisimame. Wataalamu wa Ufaransa na wenzao walizieleza tatu, mwaka 2008, 2009 na 2015. Moja huzuia sehemu ya kike, ua likawa dume. Nyingine humzuia mzuiaji huyo. Ya tatu husimamisha sehemu ya kiume, ua likawa jike. Hiyo ikiharibika, ua hubaki na jinsia zote mbili, kama yalivyo matikiti mengi. Hizi mbili za mwisho hutumia gesi ya ethileni, ile ile inayoivisha ndizi zilizofunikwa.

Kwa hiyo mkulima akiona maua dume yametangulia, asubiri, majike yanafuata. Wala asipulize dawa asubuhi, nyuki wakiwa kazini.

Vijana, jirani yule alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumtaka radhi. Shamba lenu likiharibika, chunguzeni ua kwanza, kabla ya kumtazama jirani.