Mwandishi Mwema Hupatikana Vipi?

(Maneno tuliyowaambia vijana wa Kibiti)



Vijana wengi wametuuliza: mtu awe na nini ndipo awe mwandishi mwema? Wako wadhanio ni shahada, na wako wadhanio ni maneno makubwa makubwa. Sisi twasema ni mambo matatu: kusikiliza, kazi na kweli.

Kwanza, kusikiliza. Ng'ambo ya mto wetu, huko Mohoro, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe tarehe 4 Agosti 1905. Taarifa za vita vya Maji Maji ziliandikwa na hao walionyonga. Maneno ya wazee wetu yalikaa vinywani miaka 60 hivi, mpaka Gilbert Gwassa alipowaendea vijijini na kuwauliza. Mwaka 1968 yeye na John Iliffe wakayapiga chapa. Lau wazee wale wangalikufa bila kuulizwa, leo tungalikuwa na maneno ya Mjerumani peke yake.

Pili, kazi. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944. Hakungoja kutajirika ndipo aandike. Aliandika huku akila mshahara wa ukarani, na leo twamwita baba wa lugha yetu.

Tatu, kweli. Ebrahim Hussein alipotoa tamthilia yake mwaka 1969, alieleza wazi kwamba Kinjeketile wake ni mtu wa sanaa, si yule wa historia. Hata jina akaliandika kwa namna nyingine. Mwandishi mwema hamdanganyi msomaji wake.

Sasa twawauliza ninyi. Wako wazee waliohamishwa bondeni baada ya mafuriko ya mwaka 1968. Wao wajua kilimo cha mlau, wajua mto huleta njaa na huleta rutuba. Aprili 2024 mto ulifurika tena, mashamba na nyumba zikazama Rufiji na Kibiti. Wageni walikuja, wakapiga picha, wakaenda zao. Nani ataandika yaliyobaki?

Wazee hao wanapungua kila mwaka. Basi, kijana, usingoje chuo kikuu. Nunua daftari, nenda kwa babu, kaa chini, uliza, andika alivyosema, kisha umsomee akusahihishe. Asiyejiandika huandikwa na wengine.

Uhuru na Kazi!