Saa ya Mfukoni na Simu ya Mkononi: Sherlock Holmes Katika Televisheni ya Karne ya 21

Tamthilia ya televisheni iitwayo Sherlock ilianza kuonyeshwa na BBC tarehe 25 Julai 2010. Waliobuni ni Steven Moffat na Mark Gatiss, na iliyotayarisha ni kampuni ya Hartswood Films. Iliendelea hadi Januari 2017 kwa misimu minne yenye vipindi vitatu vitatu, pamoja na kimoja maalumu cha mwaka 2016: jumla 13, kila kimoja kikichukua takriban dakika 90, ambao ni urefu wa filamu nzima. Benedict Cumberbatch alikuwa Sherlock Holmes, Martin Freeman akawa Daktari John Watson. Wahusika ni walewale wa Arthur Conan Doyle na nyumba ni ileile, namba 221B ya Baker Street, London. Kilichobadilika ni karne.

Wengi hudhani kwamba Holmes ni mtu wa kale kwa asili: ukungu, taa za gesi, gari la farasi na kiko mdomoni. Kwa msomaji wake wa kwanza haikuwa hivyo hata kidogo. Riwaya ya kwanza, A Study in Scarlet, ilitoka mwaka 1887, na kuanzia 1891 hadithi fupi zikawa zinachapishwa katika jarida la Strand. Aliyenunua jarida hilo alisoma habari za mtu wa zama zake, tena aliyewatangulia wenzake: mkemia mwenye maabara, msafiri wa garimoshi anayejua ratiba, mpenzi wa telegramu ambaye, kwa maelezo ya Watson, haandiki barua pale ambapo telegramu ingetosha. Ukale ulimjia baadaye, dunia ilipomwacha nyuma. Kwa hiyo kumvika Holmes koti la leo na kumpa simu ya leo ni kumrudisha pale Conan Doyle alipomweka.

Wazo hilo lilikuwa na mfano wa awali. Basil Rathbone aliigiza Holmes katika filamu 14 kati ya 1939 na 1946, na 12 za mwisho, zilizotengenezwa na Universal, zilihamishiwa katika miaka hiyohiyo ya vita. Katika baadhi yake Holmes anapambana na Wanazi. Moffat na Gatiss walizipenda filamu hizo. Wote wawili walikuwa wakiandikia tamthilia ya Doctor Who, na safari za garimoshi kati ya London na Cardiff ndizo zilizowapa muda wa kulizungumza jambo hilo mpaka likaiva. Kipindi cha majaribio cha dakika 60 kilipigwa, kisha kikawekwa kando. Hadithi ileile ikapigwa upya kwa dakika 90 chini ya mwongozaji Paul McGuigan.

Mlango wa kuingilia ulikuwa Watson. Katika riwaya ya 1887 yeye ni daktari wa jeshi aliyerudi kutoka Afghanistan akiwa na jeraha la pigano la Maiwand, la Julai 1880. Mwaka 2010 askari wa Uingereza walikuwa tena Afghanistan, katika mkoa wa Helmand, si mbali na Maiwand yenyewe. Historia ilijirudia kiasi kwamba waandishi hawakulazimika kubadili kitu. Hata kosa mashuhuri la Conan Doyle walilipatia kazi. Katika riwaya ya kwanza risasi ilimpata Watson begani. Katika ya pili, ya mwaka 1890, jeraha limehamia mguuni. Katika tamthilia jeraha la kweli liko begani, na kuchechemea kunatokana na moyo uliokosa vita. Usiku mmoja Sherlock anachomoka mbio kuifukuza teksi, Watson anamfuata, na mkongojo unabaki mgahawani. Mwenye mgahawa anauleta hadi mlangoni, na hapo ndipo mwenyewe anatambua kwamba amekimbia nusu ya jiji bila ya kuuhitaji. Kosa la mwandishi mmoja limegeuzwa kuwa uponyaji wa mhusika.

Ufundi wa tamthilia hii unaonekana wazi zaidi katika kitu kidogo cha kushika mkononi. Katika The Sign of the Four, riwaya ya pili, Watson anampa Holmes saa ya mfukoni na kumtaka aeleze tabia ya aliyekuwa nayo. Holmes anaifungua, anaitazama kwa lenzi, anaanza kusoma. Herufi za jina nyuma yake zinaonyesha kwamba saa ilitoka kwa baba kwenda kwa kaka mkubwa. Michubuko inatokana na kuwekwa mfuko mmoja na sarafu na funguo, na anayeitendea hivyo saa ya thamani kubwa ni mzembe. Ndani ya kifuniko kuna namba nne zilizochorwa kwa ncha ya pini, desturi ya wenye maduka ya rehani: basi mtu huyu alifilisika mara kadhaa, na kila mara akapata tena fedha za kuikomboa. Halafu tundu la ufunguo limezungukwa na mikwaruzo mingi; mkono uliokuwa ukiijaza saa usiku ulikuwa ukitetemeka. Mlevi. Watson anaghadhibika, maana anaamini kwamba rafiki yake alipeleleza kwa siri habari za kaka yake aliyekufa.

Mwaka 2010 kitu ni simu, na mahali ni kiti cha nyuma cha teksi. Michubuko ipo, kwa sababu simu nayo hukaa mfuko mmoja na funguo na sarafu. Nyuma yake imechorwa kwamba Clara amempa Harry, pamoja na alama tatu za busu: zawadi ya mapenzi, tena ya bei kubwa, hivyo yaelekea ni ya mke. Aina hiyo ya simu ina miezi sita tu tangu itoke, na tayari imegawiwa: basi ndoa imevunjika. Na pale pa kuchomekea chaja pana mikwaruzo, kwa sababu mwenyewe huichomeka kila usiku mkono ukitetemeka. Mlevi, kwa mara ya pili, miaka 120 baadaye.

Waandishi hawakuuliza saa inafanana na nini leo. Waliuliza saa ilikuwa ikifanya kazi gani: ni chombo kipi mtu hubeba kila siku, hukihudumia kila usiku, na hupenda kukitoa zawadi? Saa ya mkononi isingefaa. Haina tundu la ufunguo ambalo mkono unaotetemeka ungeliachia mikwaruzo. Simu inafaa kwa kila kipengele. Tamthilia nyingi zinazohamisha hadithi za kale hukwama hapa. Hubadili mavazi na magari, lakini dalili zenyewe hazisomeki tena.

Kisha linakuja kosa ambalo halimo katika riwaya. Sherlock amepatia yote isipokuwa moja: Harry ni kifupi cha Harriet, naye ni dada. Hapa mfasiri wa Kiswahili angepata kazi nzito. Kosa lote linategemea lugha ambayo kwa kawaida haimtaji mtoto wa mama mmoja bila kusema kama ni wa kiume au wa kike. Kiswahili kinasema “ndugu yako”, na Sherlock angetoka salama bila ya kujua kwamba alikuwa karibu kuanguka. Ili mchezo ubaki, mfasiri hana budi kuchagua “kaka” tangu mwanzo na kulitega neno hilo kama ulimbo.

Hadithi hiyo ya kwanza inacheza na wanaoijua riwaya kwa njia nyingine pia. Mwaka 1887 neno RACHE limeandikwa kwa damu ukutani. Polisi anadhani ni jina la Rachel lisilomalizika, na Holmes anamsahihisha kwamba ni Kijerumani, maana yake kisasi. Mwaka 2010 ni mtaalamu wa polisi anayedai Kijerumani, na Sherlock anamfungia mlango: ni Rachel. Msomaji wa kale aliyejiandaa kujibu kabla ya wenzake anakuta jibu lake limekuwa la mpumbavu. Muuaji, kwa upande wake, amebaki dereva wa kukodiwa katika zama zote mbili, mtu anayepita mbele ya kila jicho bila kuonekana.

McGuigan alichangia jambo lililoigwa sana baadaye. Badala ya kuelekeza kamera kwenye kioo cha simu, maneno ya ujumbe yaliandikwa hewani, kando ya uso wa anayesoma. Katika mkutano wa polisi na waandishi wa habari simu zote zinalia kwa pamoja, na neno moja la kukanusha linatapakaa ukumbini juu ya vichwa vya watu. Njia hiyohiyo inaonyesha fikra. Sherlock anapoinama juu ya maiti ya mwanamke mwenye koti la waridi, maneno yanatokea moja moja: koti lina unyevu, mwavuli mfukoni ni mkavu, pete ya ndoa ni chafu nje na inang'aa ndani kwa sababu huvuliwa mara kwa mara. Mtazamaji anapewa dalili pamoja na mpelelezi, haki ambayo filamu nyingi za awali zilimnyima.

Katika vitabu marafiki hawa huitana Holmes na Watson, kwa majina ya ukoo, kama ilivyokuwa adabu ya wanaume wa tabaka lao. Katika tamthilia ni Sherlock na John. Badiliko hilo dogo limeisogeza hadithi kutoka kwenye kesi kwenda kwenye urafiki. Watson haandikii tena jarida, anaandika blogu, lakini nafasi yake ni ileile ya msimulizi anayeshangaa kwa niaba ya msomaji. Nafasi hiyo husafiri vizuri. Huko Zanzibar, Muhammed Said Abdulla alipomtunga mpelelezi Bwana Msa katika kitabu cha Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960, alimpa kiko na alimpa mwenzake, Najum.

Si kila kitu kilihamishwa kwa busara. Kipindi cha pili, The Blind Banker, kilibeba picha ya Wachina kama watu wa magenge, sarakasi na siri, picha ya karne ya 19 iliyostahili kuachwa huko. Irene Adler ni hasara kubwa zaidi. Mwaka 1891 mwanamke huyu alimshinda Holmes akaondoka zake na picha yake. Mwaka 2012 Sherlock anaifungua simu ya Irene kwa kung'amua nywila, kisha anamwokoa asikatwe kichwa mjini Karachi. Karne ya Malkia Victoria ilimwachia ushindi ambao karne ya 21 ilimnyang'anya.

Conan Doyle alimuua Holmes Desemba 1893 kwenye maporomoko ya Reichenbach, Uswisi, na wasomaji walingoja hadi 1903 kumwona akirudi. Tamthilia ilimwangusha Januari 2012 kutoka kwenye paa la hospitali ya St Bartholomew's, palepale alipokutana na Watson mara ya kwanza, ikamrudisha Januari 2014. Tangu hapo mizani iliinama. Kesi zilipungua, na maisha ya mpelelezi mwenyewe yakawa ndiyo fumbo: mke wa Watson mwenye maisha ya siri, halafu, katika msimu wa nne, dada aliyefichwa gerezani kisiwani. Waigizaji hawakupungukiwa na chochote, na tuzo za Emmy zilizokwenda kwa Cumberbatch, Freeman na Moffat mwaka 2014 zilistahili. Lakini dada wa kisiwani hasomeki kwa mikwaruzo ya chaja wala kwa pete. Mtazamaji anaambiwa tu, na kazi yake ya kutazama inakwisha.

Kipindi cha mwisho kilionyeshwa tarehe 15 Januari 2017. Picha yake ya kumalizia inawaonyesha Sherlock na John wakitoka mbio katika jengo moja. Juu ya mlango pameandikwa Rathbone Place.